Desturi ya Kutazama Mashindano ya Kimataifa ya Kandanda Mjini Lubumbashi

Miongoni mwa mila zilizokita mizizi Lubumbashi, mji wa Kongo ambao Wabelgiji waliuanzisha mwaka 1910 kwa ajili ya shaba na kuuita Élisabethville, kutazama mashindano ya kimataifa ya kandanda kuna nafasi isiyoweza kuelezwa kwa neno starehe peke yake. Katika jamii ambayo riziki yake imepanda na kushuka pamoja na mgodi kwa zaidi ya karne moja, mechi inayochezwa ugenini, hata ng'ambo ya bahari, imekuwa njia ya watu kurudishiana nguvu, na nguvu hiyo hutokana zaidi na namna wanavyokusanyika kuliko matokeo yenyewe.

Mwanzo wa desturi hii uko katika misheni na kampuni za wakoloni. Mwaka 1939 watawa wa shirika la Mtakatifu Benedikto, waliokuwa wakiendesha shule mjini humo, walianzisha timu iliyoitwa Saint-Georges, ambayo baadaye ilichukua jina la Englebert, kampuni ya matairi, na hatimaye ikawa Tout Puissant Mazembe, yaani Mazembe Mwenye Uwezo Wote. Mwaka huohuo ilizaliwa Saint-Éloi Lupopo, timu ya watu wa reli. Wakubwa wa kampuni na misheni waliuona mchezo huo kuwa chombo cha kufundisha nidhamu na kuwashughulisha wafanyakazi baada ya kazi, lakini wenyeji wa Kamalondo, Kenya na Katuba, yaani mitaa iliyotengewa Waafrika, waliuchukua wakaufanya wao, wakaupa nyimbo, ngoma na utani wao. Mazembe ilipotwaa ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 1967 na kuurudia mwaka 1968, mji huo, ambao miaka michache tu nyuma ulikuwa umepitia vita vya kujitenga kwa jimbo lake la Katanga, ulipata jambo la kujivunia lisilohitaji bunduki.

Ubingwa wa Afrika haukurudi tena kwa miaka 41, na muda huo ndio unaoeleza uzito wa yaliyofuata. Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, kampuni ya madini ya wakoloni, na ambayo kwa vizazi kadhaa iliwapa wafanyakazi wake nyumba, unga, hospitali na shule, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, lakini miaka kumi baadaye ilishindwa kufikisha hata tani 50,000. Na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi katika mpango uliopewa jina la kuondoka kwa hiari. Baba aliyezoea kuitwa mtu wa kampuni alibaki nyumbani bila mshahara, huku mama akiuza mkaa au unga ili watoto wapate bukari, ambayo ndiyo ugali wa huko.

Katika hali hiyo Mazembe ilitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2009 na tena mwaka 2010, kisha ikaenda Abu Dhabi, Desemba 2010, kwenye Kombe la Dunia la Klabu. Iliifunga Pachuca ya Meksiko bao 1-0, halafu Internacional ya Brazili mabao 2-0, ikawa timu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika Kusini kufika fainali ya mashindano hayo. Kipa Robert Kidiaba alishangilia kwa kuketi chini na kurukaruka kwa makalio, na kwa mchezo huo dunia ikamjua. Fainali ilipotea kwa mabao 3-0 mbele ya Inter ya Milano, lakini kipimo cha fahari kilikuwa kimekwisha kubadilika: watu waliokuwa wameambiwa kwa miaka mingi kwamba wakati wao umepita walikuwa wamewaona vijana wa klabu yao wakisimama mbele ya mabingwa wa Ulaya. Haifai kusahau kwamba nyuma ya mafanikio hayo palikuwa na fedha za Moïse Katumbi, rais wa klabu tangu mwaka 1997, ambaye wakati huo alikuwa pia gavana wa Katanga. Hata hivyo furaha ya watu haikuwa mali ya siasa, kwa kuwa ilikuwa na mizizi mirefu kuliko gavana yeyote.

Utazamaji wenyewe una taratibu zake. Watu hukusanyika katika nganda, yaani baa ndogo ya mtaani, au kwa jirani mwenye televisheni, na kwa kuwa umeme hukatika mara kwa mara, mwenye jenereta huwa mtu wa kuheshimiwa siku hiyo. Atazamaye hanyamazi: hushauri, hulaumu, huimba, na kundi la mashabiki wa Mazembe liitwalo 100%, yaani waliojitoa bila kubakiza kitu, hujulikana kwa ngoma na matarumbeta yake. Utani, yaani mzaha unaoruhusiwa kati ya watu wenye uhusiano maalumu, huwaunganisha hata mahasimu, kwani shabiki wa Lupopo anaweza kuwashangilia wageni wanaocheza na Mazembe na bado akanywa meza moja na jirani yake. Timu ya taifa, Leopards, inapocheza, mpaka kati ya mashabiki hao hupotea kabisa.

Hadi hivi karibuni taratibu hizi zilikuwa za wanaume zaidi. Novemba 2024 timu ya wanawake ya Mazembe ilitwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika huko Moroko kwa kuifunga AS FAR, timu ya wenyeji, bao 1-0, na kwa mara ya kwanza mabinti wa Lubumbashi wakapata mabingwa wa bara ambao si kaka zao bali dada zao.