Kitenzi Chenye Adabu: Kijapani Huko Turkana

Wajapani si wageni wa juzi katika Turkana. Itaru Ohta, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Kyoto, alianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwenda kwa wafugaji wa pande za Kakuma, akachunguza namna wanavyomtambua kila mnyama wao. Mwaka 2017 shirika la makazi la Umoja wa Mataifa lilitia sahihi mapatano na msanifu majengo Shigeru Ban, abuni nyumba za wakimbizi wa Kalobeyei, jirani ya kambi ya Kakuma iliyofunguliwa mwaka 1992. Basi kijana wa Lodwar au Kakuma akitamani lugha ya wageni hao, si ajabu. Na aanze kwa vitenzi.

Matamshi hayatamsumbua mno, maana silabi zao, kama zetu, karibu zote huishia kwa irabu. Kazi iko kwenye heshima. Kitenzi chetu humtaja mtendaji: nala, wala, ala. Cha Kijapani hakimtaji kabisa. Badala yake hutaja uhusiano wa msemaji na msikizaji. Taberu, kula, ni neno la ndugu na rafiki. Tabemasu ni la mgeni, mkubwa na mkuu wa kazi. Nomu, kunywa, huwa nomimasu. Iku, kwenda, huwa ikimasu. Matsu, kungoja, huwa machimasu. Ukikataa, ni tabenai kwa rafiki, tabemasen kwa mkubwa. (Ile u ya mwisho wa masu huimezwa, Mswahili aizoeaye kuitamka yote hujulikana mara moja.)

Mtego uko hapa. Vitabu vya kufundishia kwa kawaida huanza na tabemasu, lakini ajifunzaye kwa masikio huwasikia Wajapani wakiambiana wao kwa wao taberu na iku, akaokota hayo. Akimjibu mkuu wake hivyo, sarufi ni sawa, adabu ndiyo iliyopungua, na huenda asiambiwe. Sisi wa pwani twalijua jambo hili. Mtu wa bara hutwambia “leta maji” nasi twakunja uso, ilhali Kiswahili chake alikipata sokoni, na huko hakuna aliyemfunza “niletee” wala “naomba”. Kakuma nako, Msudani, Msomali na Mkongo wanapokutana, lugha hutafuta kueleweka kwanza.

Kinyume chake pia kipo: ukimsemesha rafiki wa miaka kwa masu kila siku, umemweka barazani, hujamwingiza ndani.

Vitenzi viwili vinajulikana kwa kukataa kanuni: suru, kufanya, huwa shimasu, na kuru, kuja, huwa kimasu. Hicho kuru kisitushangaze. Kwetu nako hatumwambii mtu “ja”, twamwambia “njoo”. Rafiki huambiwa kite. Mgeni, kite kudasai. Na mwenye daraja kubwa huachiwa kuru kabisa, akatumiliwa irassharu, kitenzi kingine mbali. Lakini hicho kingoje mwaka wa pili.