Mtungi Upande Mmoja

Mwenye punda hupakia pande zote mbili. Mwenye bodaboda, huko Illasit karibu na Loitokitok, wakati mwingine husahau. Maji ya lita 20 ni kilo 20. Mtungi ukifungwa kulia peke yake, dereva hulazimika kuilaza pikipiki kushoto ndipo iende moja kwa moja. Tairi pana, ambalo vijana hulionea fahari, huzidisha taabu: pikipiki ikilala, pale tairi linapogusa ardhi nako huhamia kushoto, ikabidi ilazwe zaidi. Kwenye kona ya kushoto nafasi huwa ndogo; pa kukanyagia huweza kukwaruza lami. Mtungi usiojaa nao una vituko vyake, maji huyumba na kuiyumbisha pikipiki. Msomaji wa Kitengela, mtungi wako wa gesi hufungwa upande gani? Na mtoto hukaa wapi?