Maikrofoni na Mlio wa Ndege: Mfano wa Manyatta na Kinamasi cha Dunga

Utangulizi

Mtaalamu wa lugha atokapo na kinasa sauti chake, kwa kawaida humwendea binadamu. Hata hivyo liko suala moja linalomlazimu kuwaendea ndege, nalo ni suala la tanakali za sauti. Husemwa mara nyingi madarasani kwamba majina kama dudumizi na tipitipi huiga mlio wa ndege anayetajwa. Kauli hiyo ni nyepesi kutamka lakini ni nzito kuthibitisha, maana ushahidi wake haumo katika kamusi, umo katika mlio wenyewe. Na mlio unaotufikia maabarani umekwisha kuchujwa na maikrofoni. Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kuchagua chombo hicho, tukichukua mfano wa Manyatta, Kisumu.

1. Mazingira

Manyatta ni mtaa wenye watu wengi katika jiji la Kisumu. Kabla ya bodaboda na redio kuamka, kwarara hupita juu ya mapaa ya mabati wakipiga kelele, na dudumizi hulia vichakani. Kusini, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, kiko kinamasi cha Dunga, makao ya tiva wa mafunjo, ndege ambaye maisha yake yamefungamana na mafunjo.

Mtafiti hukabiliwa hapo na maadui watatu: kelele za mji, upepo na unyevu. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku hali hugeuka. Kwa hiyo alfajiri, upepo unapokuwa mdogo na ndege wakiwa katika kilele cha kuimba, ndiyo saa ya kazi. Hata hivyo maikrofoni hapana budi ivikwe kikinga-upepo cha manyoya, kwani pumzi ndogo ya upepo huzaa mvumo unaozima sauti nzito zote.

2. Aina tatu za maikrofoni

Kwanza, iko maikrofoni inayopokea sauti kutoka pande zote. Hii haipotoshi sana uwiano wa sauti nzito na nyembamba, lakini haibagui: mlio wa ndege na injini ya pikipiki huingia pamoja. Yafaa pale mtafiti anapoweza kuiweka karibu na ndege na kuiacha. Ikumbukwe kwamba katika uwanja wazi kila umbali unapopungua kwa nusu, sauti huongezeka kwa takriban desibeli 6. Hakuna kifaa kinachoshinda ukaribu.

Pili, iko maikrofoni ndefu ya mtutu, ambayo hupunguza sauti zitokazo kando. Hubebeka kwa urahisi, nayo hufaa Manyatta penyewe, ambako kelele hutoka kila upande. Lakini watu wengi hudhani kwamba huvuta sauti ya mbali. La hasha, kazi yake ni kupunguza za kando, na hata hizo hupunguza zaidi zile nyembamba kuliko zile nzito.

Tatu, uko mtindo wa bakuli la parabola, ambalo hukusanya mawimbi na kuyaelekeza kwenye maikrofoni iliyowekwa katika kitovu chake. Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kilianza kulitumia kwa ndege katika miaka ya 1930. Chuo hichohicho kilitoa mwaka 1958 santuri ya Voices of African Birds, iliyotokana na rekodi za Myles North, aliyekuwa mtawala wa wilaya nchini Kenya wakati wa ukoloni.

Bakuli hili lina nguvu ya kweli, lakini hapa ndipo mwanaisimu anapopaswa kuwa macho. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Mlio wa hezi 4000 una wimbi lenye urefu wa sentimita 8.5, na bakuli la sentimita 60 hulikusanya barabara. Mlio wa hezi 400 una wimbi la sentimita 85, lililo refu kuliko upana wa bakuli, na hunufaika kidogo mno. Sasa, sehemu kubwa ya nguvu ya mlio wa dudumizi iko chini ya hezi 1000. Atakayeurekodi kwa parabola, kisha akapima kama jina linafanana na mlio, atapima kazi ya bakuli pamoja na kazi ya ndege.

3. Sauti mbili zisikikazo kama moja

Tiva na jamaa zake huimba kwa kupokezana, dume na jike, kwa ukaribu kiasi kwamba msikilizaji hudhani ni ndege mmoja. W. H. Thorpe na North waliandika juu ya uimbaji wa namna hii mwaka 1965. Maikrofoni moja haitoshi kutenganisha waimbaji hao. Zahitajika mbili, kila moja ikiwa na mkondo wake, ili ijulikane nani ameanza na nani amejibu. Wanaochunguza zamu katika mazungumzo ya watu wataitambua haja hiyo mara moja.

4. Kelele ya ndani na unyevu

Kila maikrofoni ina mvumo wake yenyewe. Kwa ndege wa mbali yafaa mvumo huo usizidi takriban desibeli 15. Maikrofoni za kondensa ndizo zinazofikia kiwango hicho, ingawa nyingi huhitaji umeme wa volti 48 na baadhi hukwaruza zikipata unyevu wa kinamasi. Zile za koili huvumilia unyevu, lakini ni dhaifu kwa milio hafifu. Simu ya mkononi, ambayo mara nyingi hujirekebishia ukubwa wa sauti, hupoteza tofauti kati ya mlio wa nguvu na wa chini.

Hitimisho

Basi, tanakali ichunguzwe kwa maikrofoni ya pande zote iliyowekwa karibu. Utambuzi wa ndege wa mbali ufanywe kwa parabola. Uimbaji wa kupokezana urekodiwe kwa mikondo miwili. Na kila rekodi iandikwe aina ya maikrofoni, umbali, saa na mahali. Mafunjo ya Dunga hukatwa kwa ajili ya mikeka na hufyekwa kwa ajili ya mashamba. Mtafiti wa kesho huenda asimpate tiva wa kumsikiliza upya, bali rekodi yetu peke yake. Hana budi kujua ni kiasi gani cha mlio huo ni cha ndege, na ni kiasi gani ni cha chombo chetu.