Gari la Uokoaji Likiwa Njiani, Mama Ufanye Nini?

Leo tunazungumza juu ya moto nyumbani, na jinsi gari la uokoaji linavyoweza kumfikia mtoto wako mapema.

Wengi wetu tukisikia zimamoto, tunafikiria lile lori kubwa jekundu la maji. Lakini vikosi vya zimamoto pia hutumia magari ya uokoaji. Kazi ya gari hili hasa ni kumtoa mtu aliyenaswa. Hubeba mashine za kukata na kupanua vyuma, jeki, kamba, ngazi, taa na machela. Waokoaji hujifunga mitungi ya hewa mgongoni ili wapumue ndani ya moshi. Kwa kuwa vifaa viko tayari garini, kazi huanza mara tu wanapofika.

Kwa nini haraka hivyo? Kwa sababu katika moto wa nyumba, mara nyingi moshi huua kabla miali haijamfikia mtu. Fikiria mama aliyekwenda sokoni kidogo, akafunga mlango kwa kufuli nje ili watoto wasizurure. Madirisha yana vyuma. Mshumaa ukianguka, watoto hawana pa kutokea. Mashine inaweza kukata vyuma hivyo, lakini lazima kwanza ifike. Kwa hivyo, mama, usimfungie mtoto ndani peke yake. Mwachie mtu mzima unayemwamini.

Moto ukizuka, fanya hivi:

Kwanza, watoe watu wote nje. Kukiwa na moshi, inameni au mtambae, kwani hewa safi iko chini. Mkishatoka, msirudi kuchukua chochote.

Pili, piga simu mara moja, 999 au 112. Usidhani jirani amekwisha piga. Huduma za zimamoto ziko chini ya kaunti, kwa hivyo tafuta leo nambari ya kituo kilicho karibu nawe, uiandike ukutani. Taja mtaa, barabara na alama inayojulikana, kama vile shule, kanisa, msikiti au posho mill. Sema kinachoungua na kama kuna mtu ndani. Usikate simu kabla ya kuambiwa.

Tatu, njia iwe wazi. Waombe majirani waondoe mikokoteni, pikipiki na vibanda vilivyoziba. Mtu mmoja asimame barabarani awaongoze waokoaji. Umati pia huchelewesha kazi, tena ni hatari. Mnamo Januari 2009 huko Sachangwan, karibu na Molo, watu walikusanyika kuchota petroli kwenye lori lililopinduka. Moto ulilipuka na zaidi ya watu 100 wakafa.

Nne, waambie waokoaji ni nani hajatoka na hulala wapi. Watoto wadogo wakiogopa hujificha chini ya kitanda au kabatini, wala hawaitiki wakiitwa.

Na mtoto akiungua? Nguo zikishika moto, mlaze chini umviringishe, au umfunike kwa blanketi nzito. Kisha mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usitumie barafu. Usipake dawa ya meno, mafuta ya kupikia, yai wala unga. Vua nguo na bangili zilizo karibu na jeraha, lakini usibandue kilichogandamana na ngozi. Funika kwa kitambaa safi, mkinge mtoto na baridi, kisha umpeleke hospitalini.

Mama, jioni ya leo kaa na watoto wako. Waonyeshe njia ya kutokea, na mahali mtakapokutana nje. Wafundishe kuita kwa sauti, wasijifiche. Waokoaji wana mashine, lakini wewe ndiwe unayejua mtoto wako yuko wapi.