Bingwa Aliyekuwa Mwalimu wa Baiskeli

Ndugu wasikilizaji wa Mwankoko, kaeni vizuri, na mwenye daftari alifungue. Leo tutajifunza habari za bingwa wa mbio za baiskeli aliyekuwa mwalimu.

Jina lake ni David Kinjah, mtu wa Kenya. Alishindana katika nchi nyingi, akaiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kisha nyumbani kwake Mai-a-Ihii, kijiji kilicho karibu na Nairobi, aliwakusanya vijana, wengi wao watoto wa maskini, akawafundisha. Kikundi chao huitwa Safari Simbaz.

Je, aliwafundisha nini?

Kwanza, kutengeneza baiskeli: kuziba pancha, kukaza breki, kuunga mnyororo uliokatika. Kijana asipopata ubingwa, hubaki na kazi ya mikono.

Pili, kushindana na upepo. Wewe unayepeleka gunia la alizeti Singida mjini kwa baiskeli, unaujua upepo wa mbele. Unakanyaga sana, lakini mwendo haupatikani. Sasa, ukimfuata mwenzako kwa karibu, yeye huupasua upepo, nawe huokoa kama robo ya nguvu zako, au zaidi. Kwa sababu hiyo washindani hupokezana. Mmoja hutangulia, akichoka hurudi nyuma, na mwingine hushika mbele. Lakini angalieni: msifuate lori namna hiyo! Likisimama ghafula, mtaumia.

Mwanafunzi mmoja wa Kinjah alikuwa Chris Froome, mtoto wa Kiingereza aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985. Alipokuwa na umri wa miaka kama 12, mama yake alimkutanisha na Kinjah. Siku zile mwalimu alikuwa mbele, mtoto nyuma. Mwaka 2013 mtoto yule alishinda Tour de France, mashindano makubwa ya Ufaransa ya wiki tatu na kilomita zaidi ya 3,400. Akashinda tena mwaka 2015, 2016 na 2017.

Kinjah mwenyewe hakupata kushiriki mashindano hayo. Je, alipata hasara? Fikirini. Anayeupasua upepo si lazima awe wa kwanza kufika. Lakini wanaofika humkumbuka.

Maswali ya kujibu daftarini:
1. Kwa nini washindani hupokezana?
2. Kinjah aliwafundisha vijana kazi gani ya mikono?
3. Nani alikutangulia wewe katika kujifunza kusoma? Andika jina lake.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.