Ule utelezi ndani ya mtungi wa maji

Ukitia mkono ndani ya mtungi wa lita 20 uliotumika miezi kadhaa bila kusuguliwa, vidole vitagusa kitu kinachoteleza. Wengi wetu husema ni taka za maji, tukausuuza na kuendelea kuteka. Kusuuza hakuutoi. Ule ni ukoga, ndugu wa ule wa meno unaoutoa kwa mswaki kila asubuhi, na ndani yake mna bakteria walio hai.

Bakteria akielea peke yake majini ni dhaifu. Akishapata ukuta wa kushika, huzaana, na wote hutoa ute unaowafunika. Habari za ute zinajulikana. Linalonishangaza mimi zaidi ni linalotendeka kwenye ngozi ya bakteria mwenyewe.

Ngozi hiyo ni mafuta, tabaka mbili zilizolaliana: vichwa vimeelekea maji, mikia imefichwa katikati. Mikia mingine imenyooka, mingine imepinda. Chukua mfano wa boriti za mikoko. Zilizonyooka ukizipanga hushikana barabara. Ukichanganya na zilizopinda, mianya haikosi. Ndiyo maana samli, ambayo mikia yake mingi imenyooka, huganda, na mafuta ya alizeti hubaki maji maji.

Mwaka 2016 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya kupima bakteria wa aina 4, wakiwemo salmonela na listeria. Waliwalinganisha waliokuwa wakielea na waliokuwa kwenye ukoga. Wa kwenye ukoga walikutwa na mafuta mengi zaidi ya mikia iliyonyooka. Yaani ngozi yao imesogea upande wa samli: imekaza, na vitu vya nje huipenya kwa taabu zaidi. Yule bakteria wa tumboni aitwaye E. koli naye ana mbinu yake. Chakula kikipungua, na ndani kabisa ya ukoga chakula ni haba, huongeza kaboni moja pale mkia ulipopinda ikawa kipete cha pembe tatu, na hilo humsaidia kustahimili asidi.

Zaidi ya hayo, wale wa chini hukua polepole sana, hali dawa nyingi za antibayotiki huwapiga bakteria wanaokua. Ndiyo sababu mgonjwa akipata maambukizi kwenye mpira wa mkojo, mara nyingi daktari huuondoa au kuubadilisha badala ya kutegemea vidonge peke yake.

Turudi nyumbani. Klorini ni dawa nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini ukiitia kwenye mtungi wenye ukoga, sehemu kubwa ya nguvu yake huishia kwenye ute wa juu kabla ya kufika chini. Na maji uliyoyachemsha kwa makaa ya bei hii, ukiyamimina humo, umeyachafua upya.

Basi sugua kwanza, dawa baadaye. Mtungi ukiwa na mdomo mwembamba, tia kokoto safi, sabuni na maji kidogo, utikise kwa nguvu mpaka ukuta uache kuteleza, usuuze, ndipo utie klorini. Tangi la juu ya dari na birika la msikitini hali kadhalika. Humo itabidi mtu aingie na brashi, maji yakishamwagwa yote.