Betri Kuukuu Isikae Bomani: Hatari kwa Mama Mjamzito na Mifugo



Siku hizi maboma mengi yana sola. Ni jambo jema, simu inachajiwa nyumbani na usiku zizi lina mwanga. Shida huanza betri inapokufa. Ile betri nzito, ya aina ya gari, zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi. Ikitupwa nyuma ya zizi, watoto huivunja, na vibamba vya kijivu vilivyomo ndani hutapakaa.

Ng'ombe huvilamba, hasa aliyekosa chumvi. Utamwona haoni vizuri, anasaga meno, anatetemeka, anasukuma kichwa kwenye ua. Niliwahi kuitwa kwenye boma moja, ndama wawili wako hivyo, na mwenyewe akiamini ni ormilo. Nikakuta betri imepasuliwa kando ya hori la maji. Ndama walikufa. Kilichonitia hofu zaidi ni mke wake, mjamzito wa miezi sita, aliyekuwa akipika hatua chache kutoka hapo, na vijana wakichoma nyaya za redio kwenye moto wake ili wapate shaba.

Mambo ya ujauzito ni ya nesi, si ya bwana mifugo. Lakini hili halichagui ng'ombe wala mtu. Risasi huingia mwilini kwa vumbi, moshi na chakula, hupita kwenye damu, hupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa njiti au na uzito mdogo. Anayezaliwa salama anaweza kuwa ameshaumia ubongo, akawa mzito kujifunza, na hilo halina dawa ya kulirudisha nyuma. Mama mwenyewe huenda asiugue hata siku moja.

Tena risasi hujificha kwenye mifupa miaka mingi. Mimba ikija, mwili wa mama huchota kalsiamu mifupani ili kumjenga mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo. Binti anayechezea betri leo anaweza kumpitishia mwanawe atakapoolewa.

Huko Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru watu mpaka kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Kwako wewe, betri iliyokufa usiivunje wala usimwage maji yake. Iweke nzima, juu, mahali pakavu ambapo mtoto na ndama hawafiki, kisha umuuzie mnunuzi mwenye kibali. Nyaya, simu na redio mbovu zisichomwe kabisa. Kama betri ilishapasuka, hamisha zizi la ndama na jiko. Mjamzito asiende kuokota wala kufagia pale. Mifugo ipewe jiwe la chumvi.

Ng'ombe aliyelamba betri usimchinje ukamla, na maziwa yake yasinywewe hadi mtaalamu aseme. Kuchemsha hakuondoi risasi. Mama mjamzito ale maharage na mboga za majani, anywe maziwa ya ng'ombe wazima. Chakula hicho hupunguza risasi inayoingia mwilini. Akienda kliniki amweleze nesi wazi kwamba bomani palikuwa na betri iliyovunjika, maana nesi hawezi kuijua kwa kumtazama.